Nilisema Moyo, Wakasikia Mbwa

Assalamu alaykum warahmatullah, ndugu zangu. Namshukuru Mola aliyenirudishia akili yangu, na ulimi wangu akauacha vile vile ulivyokuwa. Hilo la ulimi mtalifahamu mbele.

Mimi ni Zuwena. Nimezaliwa Wete, Pemba. Skuli nilifika darasa la tatu, msahafu nimeukhitimu. Nilikuja Oman nikiwa mwanamwali, nikaolewa hapa Ibra na marehemu Hamed, Mungu amrehemu, tukaishi vizuri ingawa hatukujaaliwa mtoto. Basi msitafute ufundi katika maandishi haya. Naandika kwa sababu kuna mwanamke mmoja wa Nizwa, Bi Raya, kanambia, "Zuwena, andika yasomwe kwenye kikao cha kina mama, usinung'unike jikoni peke yako." Nami nanung'unika kwa kalamu.

Tena nitataja majina. Najua wapo watakaosema, mambo ya nyumba husitiriwa. Ndugu zangu, mimi nilisitiriwa, naijua sitara yenyewe. Ilikuwa na komeo kwa nje.

Hamed alipofariki, nilipotoka eda nikahamia kwa kaka yangu Nassor. Mimi na Nassor baba mmoja. Yeye aliletwa Oman mdogo, kasoma hapa, ana kazi ya serikali na Kiarabu chake kimenyooka. Nyumbani tukisema Kiswahili, lakini akija mgeni Nassor hugeuka Mwarabu mtupu, na mimi nikawa kichekesho chake. Maana mimi ile qaf siiwezi. Kwa wasiojua: moyo kwa Kiarabu ni qalb, na hiyo q inatoka chini kooni. Ukiitamka k nyepesi kama tunavyotamka sisi tuliokua Pemba, inakuwa kalb, na kalb ni mbwa. Basi nikisema "kalbi", yaani moyo wangu, Mwarabu anasikia "mbwa wangu".

Nassor alikuwa hachoki na hilo. Wageni wamekaa, kahawa inazunguka, yeye ananiita. "Zuwena, njoo. Waambie wageni daktari kakupima nini."

"Kapima kalbi."

"Mnasikia? Dada yangu ana mbwa, na mbwa wake ana presha."

Wanacheka, nami nacheka. Alikuwa kaka yangu, na mzaha kwa ndugu si neno. Lakini uwekeni mzaha huo akilini. Miaka yote ile alijua nikisema kalbi nakusudia nini. Alijua kuliko mtu yeyote katika mji huu.

Maradhi yangu yalianza na kukosa usingizi. Kisha nikaanza kumsikia Hamed. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye kiyoyozi. Kinaponguruma, namsikia mle ndani: Zuwena, Zuwena, mbona umeniacha kwenye joto. Nikawa nakizima. Nyie mnaijua Ibra mwezi wa sita. Nyumba nzima inatokwa jasho, watoto wanalia, Thuwaiba mke wa Nassor anakuja mbio.

"Nani kazima?"

"Mie. Kuna mtu mle."

"Kuna gesi mle, bibi wee. Washa kabla sijakutia wewe mle."

Moyo ukawa unakwenda mbio kama unataka kutoka mdomoni, halafu unasimama, halafu mbio tena. Kifua kinawaka moto. Nilimwambia Nassor, nipeleke sipitali. Akasema hayo ni majonzi, soma uradi. Nilisoma. Namshukuru Mungu kwa kila herufi niliyoisoma, na moyo ukawa unakwenda mbio vile vile. Nikamwambia tena. Hapo ndipo aliponieleza ukweli wake. "Asila anakaribia kuposwa," akasema. Asila ni bintiye. "Watu wa Nizwa wanauliza nyumba ya watu kabla hawajaingia. Nikikupeleka kwa madaktari wa wazimu, kesho Ibra nzima inajua, keshokutwa Nizwa."

Basi yakaachwa yakue, na yakakua.

Siku moja mchana, jua la utosi, nilitoka nyumbani pekupeku. Sina ushungi. Nyie mnanijua, mimi hata kwenye ua sikai kichwa wazi. Nikaenda barabara kubwa nikawa nasimamisha magari. Nilikuwa nimesadiki moyo umesimama kweli na nimebaki natembea mtu mfu, nataka mtu mmoja tu auguse kifua changu anambie kama unapiga au haupigi. Ndilo nililolitaka. Magari yanapiga honi. Vijana wametoa simu wananipiga picha. Hao majina yao siyajui, lau ningeyajua ningeyaandika hapa.

Nassor akafika na gari yake. Hakunishika mkono, hakunifunika. Alisimama mbali akapiga simu polisi, akasema kuna mwanamke anashambulia watu.

Polisi wakaja wawili, kituo sikitaji. Aliyenijia ni kijana mwenye masharubu, anaitwa Khalfan, jina lake nililijua baadaye. Nilimwona kama malaika kaletwa. Nikamshika mkono niuweke kifuani, huku nikisema kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Inta, kalbi! Kalbi, inta!" Nilitaka kusema, wewe, moyo wangu, uguse wewe.

Yeye alisikia, "Wewe, mbwa wangu! Mbwa wewe!"

Uso wake ukabadilika. Akauvuta mkono. Nikamng'ang'ania, nikazidi, kalbi, kalbi, kalbi. Watu wanacheka na simu zao. Khalfan akageuka kwa Nassor aliyekuwa kasimama pale pale, akamuuliza, "Huyu ndugu yako? Anasema nini?"

Ndugu zangu, neno moja tu lilihitajika, na kaka yangu alikuwa nalo kinywani kwa miaka yote. Angesema: anasema moyo, huyu mgonjwa. Lakini alinitazama, akawatazama wale wenye simu, akasema, "Anatukana. Ndiyo tabia yake."

Nikatiwa pingu. Mwanamke mtu mzima nimetiwa pingu mbele ya duka ninalonunua vitunguu, kwa kosa la kumtukana askari na kumvamia. Nikalazwa mahabusu. Usiku kucha nimejishika kifua nasema kalbi, na kila nikisema wananiona nazidi kutukana.

Khalfan nilishamsamehe, na sababu yake mtaisikia. Ila swali nililokuwa nalo mle ndani ninalo mpaka leo. Hata kama nilimwita mbwa kweli! Mwanamke wa makamo, nyayo zimebabuka kwa lami, analia, kichwa wazi katika nchi hii yetu, hakuna hata mmoja aliyejiuliza huyu kapatwa na nini? Polisi kafundishwa kumkamata mwizi. Nani alimfundisha kumtazama mgonjwa? Mwacheni aje, lakini aje na mtu anayejua anachokiona.

Nassor akaja kunitoa. Akaomba radhi kwa niaba yangu, kwa heshima, kwa zile qaf zake nzuri. Wakamsifu kwa subira yake. Hakunirudisha nyumbani. Alikata njia moja kwa moja kwenda milimani, Dima wa Tayyin, kwa mtu anaitwa Mwalimu Saif.

Mimi kisomo sikikatai. Qur'ani ni shifa, na wapo masheikh wananisomea mpaka leo kwa upole na Mungu awajaze kheri. Lakini Saif hakunisomea. Alinipiga kwa ufito akisema hanipigi mimi, anampiga aliyemo ndani. Basi mbona alama ziko kwangu? Kisha akamuuliza Nassor, "Maradhi yake yako wapi?" Nassor akasema, "Analalamikia moyo."

Mnasikia? Kule mlimani alijua ni moyo.

Saif akatia chuma motoni akanichoma kifuani, juu ya moyo wenyewe. Nassor ndiye aliyenishika miguu. Kovu ninalo, linawasha nikipika, na kina mama waliotaka kuliona nimewaonesha.

Tangu hapo nikawekwa katika chumba cha nje, ile stoo ya tende. Komeo nililolitaja ndilo lile. Thuwaiba alikuwa akinisukumia sahani. Mtu akiuliza wanasema Zuwena kenda Sur kwa jamaa. Mle ndani hamna kiyoyozi, na Hamed akanifuata vile vile, sasa anazungumza ndani ya magunia. Kikohozi chochote nje nikidhani ni Saif kaja na chuma chake. Huyo alikuwa na kikohozi kikavu, mara mbili mbili.

Ikafika siku ya watu wa Nizwa. Ilikuwa baada ya alasiri. Nasikia magari, nasikia kina mama wanapokelewa, nasikia harufu ya ubani na halua. Thuwaiba akaja stoo kuchukua sinia kubwa, na kwa haraka yake hakulirudisha komeo. Nami sikuwa na nia ya kutoka, wallahi. Nilikuwa nimekaa. Ila katika wale wazee wa kiume waliokuwa wanapita uani, mmoja akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili.

Nilikimbia mpaka jikoni. Nikajifungia, nikachukua kisu cha kukatia nyama, nikajibanza baina ya friji na ukuta. Nikapiga kelele, atakayekuja kunichoma nitamchoma yeye kwanza.

Yaliyotokea nje nimesimuliwa na Bi Raya, mama wa bwana harusi mwenyewe. Anasema wageni waliweka vikombe chini. Nassor akacheka kidogo, akawaambia wageni, "Mtumishi huyo, kagombana na mwenzake."

Bi Raya naye wazee wake ni watu wa Unguja, Mkunazini. Akamwambia, "Mtumishi gani anapiga kelele kwa Kipemba?"

Nassor akatoka uani akapiga simu polisi. Bi Raya akamfuata. Anasema alimsikia akisema, "Ana kisu, ni mkorofi, ana kesi kwenu." Basi mama yule akainyakua ile simu mkononi mwa mwenye nyumba, mbele ya wakwe watarajiwa wote, akasema kwa Kiarabu, "Huyu ni mgonjwa. Nasema mgonjwa. Leteni na mtu wa sipitali, na msipokuja naye mimi nasimama mlangoni haingii mtu."

Akasimama kweli, na kanga yake ya kuposea.

Polisi wakaja bila ya king'ora. Sikusikia buti, nilisikia kandambili. Kisha sauti ya mwanamke, kijana, Kiswahili chake kimevunjika kama sahani, ananiita khalti, yaani mama mdogo.

"Shikamoo, khalti. Mimi jina langu Asma. Mimi natoka sipitali. Polisi iko hapa, sikufichi, lakini yeye amekaa kule chini ya mti ya limau. Haji mpaka mimi naita. Sawa?"

Nikazidi kujibanza.

"Khalti, jikoni yako ina joto?"

Miezi mingapi sijaulizwa swali na mtu. Nikasema, "Ina joto."

"Na mimi hapa nje joto. Kisu hii unaitaka ya nini?"

"Watanichoma."

"Nani? Mimi natazama hapa yote, hakuna mtu ana moto. Kuna halua tu. Unaumwa wapi, khalti?"

Nikaogopa kulisema, ndugu zangu. Lile neno lilinitia pingu, likanichoma moto. Kiswahili chake kibovu, sikujua atafahamu moyo au hafahamu, na mdomo ukasema wenyewe. "Kalbi."

Akanyamaza. Nikasema basi, na huyu nimemtukana. Nikakikaza kisu.

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko cha chini, cha ndani ya nyumba. "Kalbi ile ya ndani? Ile inapiga du, du? Bibi yangu wa Sur anasema hivyo hivyo. Sisi tunamwambia, bibi, mbwa yako leo haijambo?"

Nikacheka. Mimi, mle jikoni na kisu mkononi, nilicheka mpaka nikalia, na nikilia nikakiweka kisu ndani ya karai la vyombo. Nikamfungulia. Ni mtoto mdogo tu, ana miwani na begi mgongoni. Hakunishika. Aliniuliza kwanza, "Naweza kuweka mkono?" Nikasema weka. Akauweka kifuani, juu ya kovu, akatazama saa yake. "Inapiga," akasema. "Inakwenda mbio sana, lakini inapiga. Wewe mzima, khalti. Wewe mgonjwa, na wewe mzima."

Nilikuwa nimelitafuta neno hilo tangu barabarani.

Akamwita askari. Akaja Khalfan, na masharubu yake. Nikarudi nyuma kwenye friji. Asma akaniwahi kwa bega, akazungumza naye kwa Kiarabu pole pole, nami nafahamu. Alimweleza kwamba wazee wanaotoka kule Afrika hawatamki qaf. Anasema moyo, hasemi mbwa.

Khalfan akanigeukia. Akauliza, "Na siku ile ya barabarani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaweka mkono kifuani kama nilivyouweka siku ile.

Akavua kofia. "Mama, nisamehe. Mimi nilisikia mbwa." Kisha akageuka uani ambako Nassor alikuwa kasimama na bilauri ya kahawa. "Nawe ulikuwepo. Nilikuuliza anasema nini. Matamshi ya ndugu yako huyajui?"

Wageni wote wanasikiliza. Nassor akasema, "Mimi si mkalimani wa serikali."

"Hukuombwa ukalimani," Bi Raya akamwambia. "Kaka yake nani, wewe au huyu askari?"

Nassor akaingia ndani na bilauri yake. Mpaka leo hajajibu.

Nilitoka kwa mlango wa mbele, sikutolewa kwa uani. Pingu hapana. Asma huku, Bi Raya huku kanitupia kanga yake kichwani na viatu vyake kanivisha mimi, yeye akabaki pekupeku kwenye changarawe ya watu aliokuja kuposa kwao. Khalfan akafungua mlango wa gari akageuza uso pembeni nikipanda, kunistahi. Yule yule. Alikuwa mtu yule yule, ndugu zangu! Tofauti ni kwamba safari hii kaja na mwenzake wa kumwambia anachokitazama.

Sipitali walinilaza. Daktari akayapa maradhi yangu jina, akanipa vidonge, na yupo mama wa kuzungumza naye ninayekwenda kwake mpaka sasa. Sauti haikuondoka siku moja. Ilipungua kama redio inayotolewa chumba kwa chumba, mpaka nikabaki na Hamed wangu wa kweli, yule wa kumwombea dua. Sasa nakaa Sur kwa binti wa khalati yangu, nakaanga sambusa, nalala na kiyoyozi kinanguruma.

Posa ilipita. Bi Raya alisema kosa la baba si la binti, na Asila ni mtoto mwema, alikuwa akinipitishia maji chini ya mlango. Harusi ilifanywa, kadi ya Nassor haikunifika. Bi Raya kaniletea sahani yangu ya biriani mwenyewe, kwa gari, kutoka Nizwa.

Nimeambiwa nisamehe. Khalfan nimemsamehe kwa sababu alisikia vibaya. Nassor alisikia vizuri, Thuwaiba alisikia vizuri, na Saif alisikia panapouma akapachoma. Hao nimewaacha kwa Mungu, na sina haraka ya kuwaondoa huko.

Ninyi wenye mgonjwa ndani, ambaye mmesema kenda Sur, kenda Maskati, kenda umra, mtegemeeni Mola kama nilivyomtegemea mimi, kisha mfungulieni huyo mtu. Mkipiga simu msiseme mkorofi, msiseme mtukanaji. Semeni mgonjwa. Ombeni aje mtu wa sipitali pamoja na polisi. Sijui kama kila pahala watawaletea. Ombeni hata hivyo, na mkikataliwa ombeni tena, simameni mlangoni kama Bi Raya. Mimi nimekuwa hai kwa neno hilo.

Asma akija kunitazama hunifundisha qaf. "Khalti, kutoka huku chini, qa, qa." Najaribu, tunacheka, haitoki. Nimemwambia aache. Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari mgeni, akaniuliza kwa Kiarabu panauma wapi. Nikaweka mkono juu ya kovu nikamwambia, "Moyo." Akauliza tena. Nikamwambia tena, "Moyo," nikakaa nikamngoja, mpaka akainuka kwenda kumtafuta mtu wa kumfasiria.